Fundo la Hema

Mume wangu alikuwa ameshapakia buti la gari, na kama kawaida yake, shaghalabaghala: jiko la gesi juu ya mablanketi, hema chini kabisa. Kwetu kanuni ni moja tu: kitakachoshuka kwanza hupakiwa mwisho. Ukifika kambini giza linaingia, unachokitaka ni hema.

Nikashusha kila kitu nianze upya. Ndipo nilipoliona fundo.

Mfuko wa hema ulikuwa umefungwa kwa fundo langu la mkono wa kushoto, ambalo hakuna mwingine nyumbani anayeliweza. Nililifunga mwaka jana, tuliporudi kutoka kambini na watoto. Vumbi lilikuwa limeganda kwenye mikunjo yake.

Tangu hapo mume wangu amekwenda kupiga kambi na wenzake wa kazini mara tatu. Viatu vilirudi na matope. Mashati yalinuka moshi, niliyafua mwenyewe. Sasa huo moshi ulitoka wapi, na yeye alilala wapi? Nililigeuza fundo huku na huku. Halikuwa na kichwa wala miguu jambo hilo.

Akatoka na chupa ya chai. "Mama watoto, bado tu?"

"Namalizia. Hivi safari yako ya mwisho na wenzako kulikuwa na baridi?"

"Usiseme. Bila hilo hema tungeganda."

Nikaliweka hema mwisho, juu ya vyote. Nikafunga buti, nikazunguka mbele, nikakaa kiti cha abiria, nikafunga mkanda.