Mfuko Usiochanika

Muuza nailoni aliingia kwenye kibanda cha shemeji yake, fundi cherehani, akiwa na kisu. Tangu mifuko ya nailoni ipigwe marufuku na soko zima lihamie kwenye mifuko ya turubai ya fundi, hakuwa na mteja hata wa kumsalimia.

"Shemeji, leo tunazika biashara moja," alisema, "na si yangu."

Akapasua mifuko mitatu iliyoning'inia ukutani. Fundi alipomshika mkono, akala kofi lililomlaza juu ya vitambaa. Mdomo ukajaa damu.

"Matambara haya! Viazi viwili tu, yamechanika!" alifoka muuza nailoni.

"Hujayajaribu, shemeji."

Muuza nailoni akainama kuipindua cherehani. Hapo fundi akamvika kichwani mfuko mtupu wa viazi, akakaza kamba yake shingoni kwa mikono miwili, goti mgongoni. Kisu kikaanguka. Kucha zikaparura turubai. Nailoni ingekwisha kuchanika mara saba.

Fundi aliukagua mshono, kama ilivyo ada ya kazi. Alikuwa ameushona mara mbili, kwa uzi wa viatu. Hakuna uzi hata mmoja ulioachia.

Mlango ukagongwa.

"Mama, mfuko wangu wa viazi tayari?" mteja aliuliza kutoka nje.

"Bado kidogo, mwanangu," alijibu fundi, akivuta kamba.