Ubao wa Augusta Pell

Kinyesi cha kuku kiligoma kutoka. Glenys Tarrant aliusugua ubao kwa mswaki wa mumewe, huku gari la mtaalamu aliyekuja kuukagua likiegeshwa nje ya makumbusho.

Kila Siku ya Waasisi watu wa Port Kerrow waliugusa ubao wa makumbusho hayo na kujiona watukufu, maana ulitoka kwenye Augusta Pell, meli iliyowaleta Waingereza wa kwanza kwenye ghuba yao. Bahati mbaya, Jumatatu Glenys, mtunzaji wake, aliupangusa vumbi, nao wenyewe ukageuka vumbi. Wadudu walikuwa wameumaliza ndani kwa ndani. Akachomoa ubao mwingine kwenye banda la kuku alilojenga babu wa babu yake, akaupaka mafuta, tayari kuufungia kwenye kabati la kioo. Afukuzwe mbele ya mji mzima, tena siku ya sherehe? Aibu hiyo angeiweka wapi!

Kupitia dirishani alimwita Merv, mumewe, aliyekuwa nje akiwasha moto wa soseji za sherehe. "Lile banda lichome lote, usibakize hata kipande."

"Mama watoto, mbona nimeshaanza? Misumari yake tu ya ajabu, ya kijani. Lakini kuni kavu hizo! Soseji za mji mzima zitaiva."

Mtaalamu, Dakta Mereana Pōtiki, Mmaori ambaye wazee wake waliishi kwenye ghuba hiyohiyo kabla ya Waingereza, aliingia, akaukwaruza ubao, akaunusa, kisha akauramba. Glenys aliuficha mswaki mfukoni.

"Mama Glenys, niambie ukweli. Huu si ule niliouona nilipokuja na shule."

"Si ule?" Sauti ilimtoka kama ya kifaranga.

"Ule ulikuwa ubao wa sanduku la chai. Basi zima tulicheka mpaka nyumbani."

Glenys akafumba macho, akisubiri kufukuzwa.

"Huu sasa ndio wenyewe!" Dakta alimkumbatia. "Mwaloni, na tundu la msumari wa shaba, ukijani wake huu hapa! Bibi zetu walisema siku zote: wageni wale waliibomoa meli yao wakajengea kuku kabla ya kujijengea wenyewe. Nyie mkabisha! Haya, nionyeshe mbao zilizobaki. Mji huu utakuwa na ubavu mzima wa meli!"

Glenys alikimbilia dirishani kumzuia Merv.

Mlango ukafunguliwa. Merv aliingia na sahani inayofuka moshi, uso umejaa masizi na furaha.

"Karibu soseji, Dakta."

Dakta alitafuna, akafumba macho kwa utamu. "Mmh! Mmechomea kuni gani hizi?"