Mtahini Mwenye Magongo

"Mfupa usiobebeshwa mzigo huwaje?" mama alisoma kadi, miwani ikiwa imemshuka puani.

Zilikuwa zimebaki siku nne nifanye mtihani wa ubingwa wa upasuaji wa mifupa, na mama ndiye aliyekuwa mtahini wangu. Nilidakia jibu kabla hajamaliza kuvuta pumzi.

"Hudhoofika, mama. Mfupa hujijenga pale unapobebeshwa mzigo. Ukiupumzisha mno, unapungua."

Mama hakugeuza kadi. Aliutazama mguu wake uliovunjika miezi minne iliyopita, kisha magongo yaliyoegemea ukutani. Wiki tatu nyuma daktari wake aliiona picha ya eksirei, akasema mfupa umeshaunga, aanze kukanyaga. Mimi nikasema tungoje kidogo. Kila wiki nikasema tungoje kidogo. Nilikuwa namlea kama yai.

"Kwa hiyo," akasema taratibu, "daktari wangu anajua, kitabu chako kinajua, na wewe mwenyewe unajua?"

Akasogea ukingoni mwa kiti. Kidole gumba kilitangulia kugusa sakafu, kikajikunja kwa baridi. Vikafuata vingine, halafu kisigino. Niliinuka kumshika, akanichapa mkono kwa ile ile kadi.

"Kaa chini, mwanafunzi!"

Akasimama. Akayumba kidogo, akatulia, akacheka mpaka miwani ikamwanguka. Magongo hakuyatazama tena.

"Swali linalofuata," alisema, tayari yuko mlangoni, "njoo ulijibie jikoni."