Miji Mitatu Ubaoni

Daktari wa macho alimwambia Mwalimu Sengondo kwamba ilibaki miezi michache tu, kisha hataona tena. Binti yake, Tegemea, akaomba likizo kazini. "Chagua miji mitatu ya kale, baba, nchi yoyote ile. Nitakupeleka."

Mwalimu akaandika majina saba kwenye ubao wake mkuukuu, ule aliofundishia historia miaka thelathini. Kisha akashika dasta, akaanza kwa kufuta Timbuktu.

"Baba! Huo si ndio mji wako?"

"Huo nitauona hata nikiwa kipofu. Nimewasimulia watoto mpaka naijua milango yake."

Akafuta Kairo, Aksum na Gao. Ikabaki Lalibela, Kano na Fez, miji aliyokuwa akiifundisha harakaharaka mitihani ikikaribia. Akaitazama kwa muda mrefu. Halafu akaifuta Fez pia.

"Sasa imebaki miwili," Tegemea alisema.

"Siku za Fez tutakaa hapa nyumbani." Akaweka dasta chini, akaburuta kiti hadi dirishani, penye mwanga. "Njoo ukae hapa, mwanangu. Na hiyo miwani, ivue."