Viatu Kando ya Pikapu

Bi Mwanakheri, muuza mawe ya kujengea, aliingia yadi ya magari na viatu vyake vya kazi, vyeupe kwa vumbi. Aliifuata pikapu kubwa moja kwa moja, akapiga teke tairi, akainama kukagua springi.

"Hii itabeba," alisema.

"Itabeba mlima, mama," akajibu Sefu, muuzaji.

Pembeni, gari jeusi la chini lilikuwa likinguruma taratibu, fundi akilipasha moto.

"Na hilo linabeba nini?"

"Hilo halibebi kitu. Linakimbia tu."

Bi Mwanakheri aliligeukia gari jeusi. Mawe, saruji, wagonjwa wa jirani, hata majeneza. Hakuna ambacho hakuwahi kubeba. Akavua viatu, akavipanga vizuri kama mtu anayeingia sebule ya watu, akaliendea gari jeusi na kuketi nyuma ya usukani peku.

"Mama, kwenye gari hatuvui viatu!"

"Nyinyi hamvui."

Gari likachomoka getini. Sefu alilisikia likipanda kilima, gia zikibadilika laini kama maji, akajikuta anatabasamu peke yake. Maishani hakuwahi kusikia mtu akiendesha hivyo.

Sauti ikapotea upande wa pili. Kando ya pikapu, viatu vilikuwa vimeelekea barabarani.