Ukucha wa Kidole cha Pete

Ukucha wa kidole cha pete cha Binti ulikatika kwenye zipu ya mfuko wa gitaa, na anayefuata kuingia kwenye mtihani ni yeye.

Binti aliutazama mkono wake wa kulia. Miezi mitatu alizilea kucha zile kama vifaranga, maana ndizo zinazodonoa nyuzi. Sasa kidole kimoja kitanong'ona na vingine vipige kelele, na nafasi ya chuo ilikuwa moja tu.

"Bibi, ukucha umekwenda!" akamwambia bibi yake aliyeketi naye nje ya chumba cha mtihani.

"Si zimebaki tisa, mjukuu wangu? Mbona mimi nina meno manne na nyama natafuna?"

"Sauti hazitalingana, Bibi."

Mlango ukafunguliwa. "Anayefuata!"

Binti akatia kidole gumba cha mkono uleule kinywani, akauma ukucha mzima hadi nyamani. Kisha cha shahada. Kisha cha kati, ili vyote vinne vinong'one sawa.