Sikio la Papa Gérard

"Munyamaze kwanza," Papa Gérard alisema, mukono juu, kidole kimoja kimesimama kama cha padri. "Nasikiliza."

Alikuwa amesimama katikati ya parcelle, uwanja wa nyumba, mbali na gari. Gari ilikuwa nyuma ya nyumba, na nyuma ya nyumba kulikuwa matope, na yeye alivaa viatu vyeupe. Viatu vyeupe, Bukavu, mwezi wa kumi na moja! Lakini mutu kama yule anafikiri matope iliumbwa kwa ajili ya wengine.

Maman Adolphine alinyamaza. Ni yeye alimuita. Gari ndogo ambayo marehemu mume wake aliacha ilikuwa inalia asubuhi, na leo Ornella, mutoto wake wa pekee, alipaswa kuiendesha mpaka Luvungi, kwenye alipata kazi ya kufundisha. Kwenda Luvungi ni kushuka mulima wa Ngomo, kwenye barabara inapita kando ya shimo. Maman hakulala siku tatu. Mutoto aende ao asiende? Hakuwa na wa kuuliza isipokuwa huyu shemeji, mukubwa wa magari mu shirika fulani, mutu anayejua yote na asiyechoka kukukumbusha.

Shemeji alikuja. Alipiga klakisoni mara tatu, akaacha jeep yake inje ya lango bila hata kuzima motere, "niko na dakika tano tu, Uvira wananingoja," akaingia bila kusalimia. Maman alipigia mutoto kelele:

"Ornella, enda uwashe gari, papa mudogo amefika!"

"Ndiyo, maman!" ilijibu sauti kutoka ndani ya nyumba.

Na sasa kelele ilijaza parcelle yote, ta-ta-ta-ta-ta, kama mutu anatikisa misumari mu kopo.

"Unasikia?"

"Nasikia, shemeji."

"Wewe husikii kitu. Ulisoma mpaka wapi? Ya tano primaire?"

"Ya sita."

"Pole sana. Basi sikiliza mwenye alisoma. Hiyo ni cheni ya motere. Wajinga wanasema cheni ni chuma, haiishi, eti mukanda ndio unabadilishwa. Inaisha! Inavutika pole pole, inarefuka, inaanza kupiga pembeni. Ikilia asubuhi tu, motere ikiwa baridi, kisha ikinyamaza, uko na wakati. Badilisha mafuta ya motere, tafuta cheni mupya, panga mambo yako."

"Ya kwetu ni asubuhi tu," maman alisema haraka. "Inalia kidogo, inanyamaza. Fundi alisema tunaweza kungoja mpaka mwezi wa kwanza."

"Fundi! Yule anayeziba tairi kando ya barabara?" Papa Gérard alicheka kwa pua. "Hii ndiyo kidogo? Hii ndiyo kunyamaza? Maman Ornella, cheni ikilia bila kupumzika hivi, hakuna tena kungoja, hakuna mwezi wa kwanza. Itaruka meno, motere itazima palepale. Na ikizima pale Ngomo, unashuka, freni ya muguu inakuwa ngumu kama jiwe, usukani vilevile. Mwenye kutia mutu mu gari inayolia hivi, mimi namuita muuaji. Na wewe ulitaka kutia mutoto uliyezaa!"

Adolphine alishika kifua. Alikuwa na maneno, lakini mutu akikusemea kwa sauti ile, hata kile unajua kinakukimbia. Alijiona vile shemeji alivyomuona: mama mujinga, na kitenge yake na fundi wake wa tairi.

"Basi asiende," alisema.

"Asiende, na kesho wamupe mwingine kazi? Eh! Ninyi mutabaki masikini mpaka lini? Ataenda, lakini si mu hii takataka. Luvungi iko mu njia yangu. Ornella! Leta mizigo!"

Ornella alitoka na sakoshi begani, anahema, nywele zimevurugika kama mutu aliyekuwa anapindua nyumba.

"Maman, nimetafuta..."

"Utatafuta kule!" papa mudogo alimukata. "Ninyi wasichana, saa nzima ni kutafuta. Panda. Miaka kumi na moja niko na hii jeep, haijawahi kuniangusha hata siku moja."

Maman alimushukuru. Ndiyo, alimushukuru, kwa mikono miwili, magoti yameinama, na shemeji hakumutazama hata. Alikuwa anapangusa kiatu. Adolphine alikumbatia mutoto wake pale katikati ya parcelle, akamuambia apige simu akifika, akamusukuma kidogo ili aende. Inje ya lango milango ya jeep ilifungwa. Vioo vilipanda juu, na muziki wa kwaya ukaanza kwa nguvu, kama vile Papa Gérard anaendesha siku zote.

Maman hakungoja jeep imalize kugeuka mu ile njia nyembamba. Hakutaka mutoto aone machozi. Akazunguka nyumba, akikanyaga matope, ili azime ile takataka kabla haijaleta aibu ingine.

Kapo, kile kifuniko cha motere, ilikuwa imefungwa. Matone ya mvua ilikuwa imelala juu yake, baridi, hakuna hata moja ilikuwa imetikisika. Alichungulia kwa kioo: mufunguo haukuwa pale. Mukono wake ulienda wenyewe kiunoni, kwenye ncha ya kitenge, akagusa lile fundo alilofunga alfajiri akalisahau, na ndani yake mufunguo.

Upande wa barabara, ta-ta-ta-ta-ta, kelele ilikuwa inashuka, inaenda mbali.